Kichwa Kinapouma: Aina za Maumivu ya Kichwa na Sababu Zake

Mazungumzo ya elimu ya afya kwa wakazi wa Kata ya Mtanda, Lindi



Yapo maneno mawili ambayo muuza duka la dawa huyasikia kutwa nzima: kichwa kinauma. Maneno ni mawili tu, lakini yanayobebwa ndani yake ni mengi. Mvuvi aliyerudi pwani saa saba mchana huyasema. Mwanafunzi aliyekesha akiinamia daftari huyasema. Mama mwenye mimba ya miezi minane huyasema, na kijana aliyeanguka na bodaboda juma lililopita huyasema. Aghalabu wote wanne hupewa kidonge kilekile cheupe, nao hurudi nyumbani. Wawili wa kwanza yamkini watapona kwa maji, chakula na usingizi. Wawili wa mwisho huenda wamebeba jambo lisiloweza kungoja kesho.

Shabaha ya mazungumzo haya ni moja: kumwezesha kila mkazi kutambua ni kichwa kipi kinachouma kabla ya kunyoosha mkono kuchukua dawa. Maumivu ya kichwa ni ya kawaida mno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao bilioni 3.1, yaani kama 40 katika kila 100, walikuwa na maradhi ya aina hii. Kwa kuwa ni ya kawaida hivyo, watu huyazoea, na mazoea hayo ndiyo huleta hatari ya namna mbili: wengine huchelewa kwenda hospitali ilhali maisha yako hatarini, na wengine humeza dawa siku nenda siku rudi mpaka dawa yenyewe ikageuka kuwa ugonjwa.

Kinachouma hasa ni nini?

Wengi hudhani kwamba kichwa kikiuma ni ubongo unaouma. Sivyo. Ubongo wenyewe hauna hisi ya maumivu. Madaktari bingwa huweza kuupasua mgonjwa akiwa macho, anazungumza nao, wala asisikie uchungu ndani ya ubongo. Kinachouma ni vile vinavyouzunguka: utando unaoufunika, mishipa ya damu, neva za uso, na misuli ya kichwa, shingo na mabega. Macho, masikio, meno na matundu yaliyomo katika mifupa ya uso nayo huweza kupeleka maumivu yake kichwani.

Kwa hiyo wataalamu huyagawa maumivu ya kichwa katika makundi makuu mawili. Kundi la kwanza ni kichwa ambacho chenyewe ndicho ugonjwa: hakuna uvimbe, hakuna homa, hakuna jeraha, ila mfumo wa maumivu umeamka. Kundi la pili ni kichwa ambacho ni mjumbe: kinauma kwa sababu kuna jambo jingine mwilini. Watu wengi zaidi wamo katika kundi la kwanza. Wanaopoteza maisha wamo katika kundi la pili.

Kichwa cha mkazo

Katika kundi la kwanza, aina inayowapata watu wengi kuliko zote ni kichwa cha mkazo. Anayeumwa nacho hueleza kwamba kichwa kinabana pande zote mbili, kama kilemba kilichofungwa kwa nguvu kupita kiasi. Hakigongi, hakileti kichefuchefu, na mtu huweza kuendelea na shughuli zake ingawa kwa uzito. Huweza kudumu nusu saa, na huweza kudumu hata siku saba.

Asili yake ni misuli iliyochoka na akili iliyoelemewa. Mama anayebangua korosho akiwa ameinama tangu asubuhi, fundi cherehani, dereva wa masafa ya Lindi na Dar es Salaam, kijana aliyeinamisha shingo saa nyingi juu ya simu: hawa wote huikaza misuli ya shingo na mabega bila kujua. Juu ya hayo huja fikra za ada ya shule, deni la pembejeo, au ugomvi wa nyumbani. Usingizi ukipungua, kichwa hulipa.

Tiba yake kubwa haiko dukani. Ni kubadili mkao, kunyoosha shingo na mabega kila baada ya muda, kukandwa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kutembea, na kulala kwa saa za kutosha. Kidonge cha parasetamoli mara mojamoja si kosa. Lakini kichwa cha mkazo kinachorudi kila siku kinadai kuulizwa swali jingine: ni mzigo gani mtu huyu anaubeba peke yake? Huzuni ya muda mrefu na wasiwasi usiokwisha mara nyingi huingia mlango wa hospitali kwa jina la kichwa, na tiba yake ni mazungumzo na mhudumu wa afya, si paketi nyingine ya vidonge.

Kipandauso

Aina ya pili wazee waliipa jina zamani: kipandauso. Hiki hushika upande mmoja mara nyingi, hugonga kama ngoma kwa kufuata mapigo ya moyo, na humlaza mtu. Mwanga humchoma macho, kelele humkera, harufu ya samaki akikaangwa humtapisha, na akipanda kilima maumivu huzidi. Kisipotibiwa hudumu kati ya saa 4 na siku 3, kisha huondoka chenyewe na kumwacha mtu mzima kabisa, mpaka kitakaporudi tena.

Baadhi ya wagonjwa hutanguliwa na ishara. Huona mistari ya mwanga iliyojikunja mbele ya macho, au doa la giza, au husikia ganzi ikipanda polepole kutoka vidole hadi mdomoni, kwa muda usiozidi saa moja. Ishara hizi huwatisha watu, na si ajabu kwamba katika nyumba nyingi zimefasiriwa kuwa ni husuda au ni jini. Ukweli ni kwamba kipandauso ni ugonjwa wa mfumo wa neva unaorithiwa: aghalabu mama alikuwa nao, au bibi, au shangazi. Anayeumwa hakurogwa, wala hajifanyi.

Wala si ugonjwa wa wazungu au wa watu wa mijini. Wataalamu waliopita nyumba kwa nyumba katika vijiji vinavyozunguka Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, na kuwahoji watu zaidi ya 7,000, waliukuta miongoni mwa wakulima na wafugaji, na wanawake walikuwa nao zaidi ya mara mbili ya wanaume. Tofauti hiyo hutokana kwa kiasi kikubwa na homoni za kike, ndiyo maana wanawake wengi huumwa siku zinazokaribia hedhi, na wengi hupata nafuu uzee unapoingia.

Mwenye kipandauso hujifunza vichocheo vyake: njaa, usingizi pungufu au uliozidi, jua kali, mwanga unaometa juu ya maji ya bahari, uchovu baada ya sherehe ya usiku kucha. Si kila kichocheo humhusu kila mtu. Maumivu yakianza, dawa ya kutuliza hufaa ikimezwa mapema kwa kipimo kamili; ikingojewa mpaka matapishi yaanze, tumbo haliipokei vizuri. Chumba chenye giza na kitambaa cha maji baridi husaidia. Na ikiwa maumivu huja mara nne au zaidi kwa mwezi, zipo dawa za kinga zinazomezwa kila siku kwa miezi kadhaa ili kupunguza idadi ya mashambulizi, miongoni mwake propranololi na amitriptilini. Hizi huandikwa na daktari baada ya kumpima mgonjwa; mwenye pumu, kwa mfano, hafai kupewa propranololi.

Jambo moja linawahusu akina mama. Mwanamke mwenye kipandauso kinachotanguliwa na zile ishara za mwanga au ganzi amweleze mhudumu wa uzazi wa mpango kabla ya kuanza vidonge vya majira. Vile vyenye homoni mbili huongeza kwake hatari ya kiharusi. Njia nyingine salama zipo, nazo ni nyingi. Kinachotakiwa ni kusema.

Ipo aina ya tatu, adimu lakini kali mno, inayowapata wanaume zaidi: maumivu kama msumari nyuma ya jicho moja, jicho likawa jekundu na kutoa machozi, pua ikaziba upande huohuo. Hudumu kati ya robo saa na saa tatu, huja kwa saa zilezile kila siku kwa majuma kadhaa, kisha hupotea kwa miezi. Dawa za kawaida haziigusi, ila hewa ya oksijeni hospitalini huituliza. Anayeumwa namna hii asitafute nguvu za kuvumilia, atafute daktari.

Jua, kiu, njaa na kahawa

Katika mwambao wa Lindi sababu nyepesi kuliko zote ni ukosefu wa maji mwilini. Mfanyakazi wa mashamba ya chumvi, mvuvi, mpalilia ufuta na fundi wa ujenzi hutoka jasho jingi bila kujua ni kiasi gani kimekwenda. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, mwili umekwisha kulalamika. Maji ya kunywa mara kwa mara, kofia pana au kilemba, na kupumzika kivulini saa za jua la utosi huondoa vichwa vingi kuliko duka zima la dawa. Lakini aliyepigwa na jua mpaka akaanza kuchanganyikiwa au kuzimia hahitaji kidonge: apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, na afikishwe kituo cha afya upesi.

Katika siku za mwanzo za mwezi wa Ramadhani wengi huumwa kichwa alasiri. Sababu ni kiu, njaa na usingizi uliokatika, na kwa wanywaji wa kahawa ipo sababu ya ziada: mwili uliozoea kahawa huudai kileo chake siku nzima ukikikosa. Anayekunywa vikombe vingi barazani huweza kuvipunguza kidogokidogo tangu mwezi wa Shaabani, akala daku karibu na alfajiri, akanywa maji ya kutosha baina ya futari na daku. Kichwa cha kukosa kahawa huisha ndani ya juma moja.

Macho nayo hayana budi kukumbukwa. Mtoto anayeumwa kichwa kila arudipo shule, anayekunja uso kusoma ubaoni, huenda anahitaji miwani na si dawa. Mtu mzima ambaye jicho limekuwa jekundu ghafla, linauma vikali na kuona ukungu, anahitaji kuonwa siku ileile, kwa sababu shinikizo la ndani ya jicho huweza kumpofusha.

Kichwa na homa

Hapa ndipo mazoea yamejenga nyumba. Kwa vizazi vingi, kichwa kikiambatana na homa katika pwani hii kiliitwa malaria, na hesabu ilikuwa upande wa waliosema hivyo. Malaria bado ipo, na mikoa ya kusini ni miongoni mwa yenye maambukizi mengi nchini. Lakini hali imebadilika. Katika uchunguzi wa kitaifa wa miaka 2007 na 2008, watoto wa chini ya miaka mitano wapatao 18 katika kila 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Katika ule wa 2017 walikuwa kama 7. Maana yake ni kwamba homa nyingi za leo, zaidi kuliko zamani, si malaria. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 20. Kununua dawa mseto bila kupima ni kukisia, na anayekisia vibaya huipa maradhi halisi siku tatu za kujijenga.

Mkoa wa Lindi una ushahidi wake. Mwezi Julai 2022, katika eneo la Mbekenyera wilayani Ruangwa, watu walianza kuugua homa, kuumwa kichwa, kuishiwa nguvu na kutokwa damu puani. Hadi tarehe 18 Julai wagonjwa 20 walikuwa wameripotiwa, na watatu kati yao walikuwa wamefariki dunia. Hofu ilienea. Sampuli zilipimwa, magonjwa ya Ebola na Marburg yakaondolewa katika hesabu, na Wizara ya Afya ikatangaza kwamba ni homa ya mgunda, inayoletwa na bakteria watokao katika mkojo wa panya na wanyama wengine, wakaingia katika maji na udongo na kuupenya mwili kupitia michubuko. Ugonjwa huo unatibika kwa antibiotiki za kawaida. Haukutibika, wala hautatibika, kwa dawa ya malaria.

Na si mara ya kwanza kwa kusini kuufundisha ulimwengu somo hili. Kati ya 1952 na 1953 homa kali ilizuka katika uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala. Kichwa kiliuma, lakini viungo viliuma zaidi, hata wagonjwa wakatembea wamejikunja. Waganga wa wakati ule walipopima waligundua virusi ambavyo havijawahi kuandikwa popote, na neno la Kimakonde la huko kujikunja likawa jina la ugonjwa duniani kote: chikungunya. Virusi hivyo, pamoja na vile vya dengi, huenezwa na mbu aumaye mchana. Katika dengi, aspirini na diklofenaki huweza kuchochea kutoka damu. Parasetamoli ndiyo salama zaidi mpaka vipimo viseme.

Homa ambayo haina subira hata ya saa chache ni ile ya uti wa mgongo. Dalili zake ni homa, kichwa kikali, shingo iliyokakamaa isiyoweza kuinama kifuani, kuogopa mwanga, kutapika, na usingizi usio wa kawaida. Kwa mtoto mchanga shingo huenda isikakamae. Yeye hukataa kunyonya, hulia kwa sauti kali, na utosi hutuna. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI naye ana onyo lake: kichwa kinachozidi siku baada ya siku, kwa juma moja au mawili, hata bila shingo kukakamaa, huweza kuwa ni fangasi walioingia katika utando wa ubongo. Asingojee tarehe yake ya kliniki.

Presha na ujauzito

Watu wengi huamini kwamba presha ikipanda kichwa kitauma. Imani hii imewadhuru watu wa namna mbili. Kuna asiyepima kwa sababu kichwa hakimuumi, na kuna aliyeacha dawa kwa sababu kichwa kimeacha kuuma. Ukweli ni kwamba shinikizo la damu lililopanda kwa kiasi cha kawaida halina dalili yoyote. Huila mishipa kimya kwa miaka, mpaka kiharusi kije. Kichwa hakiwezi kuwa kipimo cha presha. Kipimo ni mashine, nayo inapatikana katika vituo vya kutolea huduma za afya. Kila aliyetimiza miaka 40, na kila ambaye wazazi wake walikuwa na presha, apime angalau mara moja kwa mwaka, aumwe asiumwe.

Lakini kwa mama mjamzito kanuni hugeuka. Kuanzia majuma 20 ya mimba, hadi majuma sita baada ya kujifungua, kichwa kikali kisichotulia ni dalili ya hatari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hasa kikiambatana na kuona nyotanyota au ukungu, maumivu chini ya kifua upande wa kulia, au uso na mikono kuvimba. Hizi ni dalili za presha ya ujauzito inayoelekea kwenye kifafa cha mimba, mojawapo ya sababu kubwa za vifo vya akina mama. Kifafa hicho hakina uhusiano na jini wala na kifafa cha kawaida. Kuna sindano ya kukizuia na kukitibu, magnesiamu salfeti, na kuna namna ya kukigundua mapema: kupima presha na mkojo katika kila mahudhurio ya kliniki. Mama anayeruka kliniki kwa sababu anajisikia mzima anakiruka kipimo ambacho kingesema yale ambayo mwili wake haujayasema.

Mume, mama mkwe, wifi au jirani akisikia mjamzito analalamika kichwa kikali, asimpe kidonge akamwambia alale. Ampeleke kituo cha afya usiku huohuo. Usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga huitwa kupitia mfumo wa M-mama kwa kupiga namba 115 bila malipo.

Dawa inayozaa maumivu

Sasa ni zamu ya kidonge chenyewe. Mtu mwenye kipandauso au kichwa cha mkazo akimeza dawa za kutuliza siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa muda unaozidi miezi mitatu, ubongo wake huzoea. Dawa ikiisha mwilini, kichwa huamka. Akimeza nyingine, hutulia kwa saa chache. Kisha huamka tena. Kwa dawa za mchanganyiko, kama zile zilizounganisha aspirini, parasetamoli na kafeini, siku 10 kwa mwezi zatosha. Mtu huyu huamka na kichwa alfajiri, hutembea na vidonge mfukoni au katika pindo la kanga, na huapa kwamba bila dawa hawezi kuishi. Hasemi uongo. Ila kinachomuumiza sasa ni kile anachokimeza.

Njia ya kutoka ni kuiacha. Siku za mwanzo maumivu huzidi, hata kwa juma moja au mawili, kisha hushuka, na wengi hupata nafuu kubwa ndani ya miezi miwili. Ni heri kuacha kwa msaada wa mhudumu wa afya, ambaye huweza kumpa mgonjwa dawa ya kinga ya kumvusha.

Kuna na madhara mengine. Mtu mzima asizidishe gramu 4 za parasetamoli kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwembamba au mwenye ugonjwa wa ini apunguze zaidi. Ini lililoharibiwa na parasetamoli huua. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huchubua tumbo na kuchosha figo, hususan kwa wazee na wenye presha, na hazifai kwa mjamzito bila ushauri wa daktari. Mtoto mwenye homa asipewe aspirini. Mwenye kununua "vile vya rangi mbili" bila kujua jina lake amwulize muuzaji jina, kwani mara nyingi vidonge viwili tofauti huwa na parasetamoli ileile ndani yake.

Dalili zisizongoja

Kila nyumba ya Mtanda iyabandike haya mahali pa kuonekana. Mtu aende hospitali mara moja, si kesho, iwapo:

1. Kichwa kimelipuka ghafla na kufikia ukali wake wote ndani ya dakika moja, maumivu ambayo hajawahi kuyapata maishani.
2. Kina homa, shingo iliyokakamaa, degedege au kuchanganyikiwa.
3. Kimeambatana na mkono au mguu kulegea, mdomo kupinda, kauli kuvurugika, au kupoteza kuona.
4. Kimefuata kuanguka, ajali ya bodaboda, au kupigwa na nazi. Kwa mzee, damu huweza kujikusanya polepole ndani ya fuvu na kuonyesha dalili baada ya majuma kadhaa.
5. Ni mjamzito au aliyejifungua karibuni.
6. Kimeanza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50, au kinazidi juma hadi juma, au humwamsha mtu usiku akitapika.
7. Ni mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, au mwenye saratani.
8. Watu kadhaa wa nyumba moja wameumwa pamoja wakiwa wamefunga milango na jiko la mkaa likiwaka ndani. Hiyo ni sumu ya moshi usioonekana: wote watoke nje kwanza, maswali baadaye.

Kwenda kituoni umejiandaa

Mhudumu wa zahanati ana dakika chache kwa kila mgonjwa. Anayekwenda na kumbukumbu huzitumia dakika hizo vizuri. Daftari la shule la kurasa chache latosha. Kila siku ya maumivu iandikwe tarehe, saa yalipoanza na kuisha, upande unaouma, kutapika au kutotapika, kilichotangulia, na kila kidonge kilichomezwa. Mwanamke aongeze siku za hedhi. Baada ya mwezi mmoja, ukurasa huo humweleza mhudumu mambo mengi ambayo mashine ghali haiwezi kuyaona. Maana katika kipandauso na kichwa cha mkazo, picha ya kichwa hutoka safi, na maelezo ya mgonjwa ndiyo kipimo.

Huduma huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako malaria, presha, sukari na mkojo hupimwa. Atakayehitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sokoine. Mwenye swali ambalo si la dharura huweza pia kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya, nayo hailipiwi.

Ndugu wananchi, wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Katika kichwa, kuficha hakuna maana ya kunyamaza tu. Kumeza kidonge bila kuuliza ni kuficha pia, kwa kuwa kidonge humnyamazisha mjumbe kabla hajafikisha habari aliyotumwa. Vichwa vingi havina habari mbaya, na huhitaji maji, usingizi na utulivu. Vichache vina habari nzito. Mkazi anayehesabu siku zake za maumivu, anayepima kabla ya kutibu, na anayezijua dalili zile nane, hatawachanganya wajumbe hao wawili.